Tiketi Inasema Lamu, Basi Linaishia Mokowe

Ukikata tiketi ya basi Mombasa kwenda Lamu, karatasi itaandikwa Lamu na ubao ulio mbele ya basi utaandikwa Lamu, lakini basi lenyewe halifiki Lamu. Linasimama Mokowe, bara, penye gati. Kutoka hapo abiria anaingia kwenye boti na kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwani, mwendo wa kama nusu saa kwa boti ya kawaida ya abiria, au robo saa na chini yake kwa boti ya kasi. Nauli ya boti haimo ndani ya tiketi ya basi, na boti haina habari ya basi. Kati ya vyombo hivyo viwili pana hatua chache tu za zege, na humo ndimo safari inamoharibikia.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha siku moja ya kielelezo: mabasi matatu yamechelewa na kufika Mokowe kwa pamoja jioni, bahari ikiwa ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Idadi ya abiria na saa za kuwasili zimewekwa kwa ajili ya hesabu. Barabara, maji, sheria na mpangilio wa mji ni kama vilivyo.

Mji na njia zake

Mji wa Lamu uko kwenye kisiwa chenye jina hilohilo. Vichochoro vyake ni vya miguu, punda na mikokoteni, na mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, ambao wametawanyika kati ya visiwa na bara. Huduma nazo zimegawanyika vivyo hivyo: Hospitali ya King Fahd iko kisiwani, ilhali makao ya serikali ya kaunti yako Mokowe. Kwa hiyo asubuhi mgonjwa wa Hindi au Mpeketoni, huko bara, anavuka kuelekea mjini, na mfanyakazi wa ofisi anayeishi mjini anavuka kuelekea bara. Uwanja wa ndege nao uko kisiwa kingine, Manda, na hata huko huendi bila boti.

Kwa barabara, Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Unapita Gongoni na Marereni, unafika Minjila karibu na Garsen, kisha unakunja kulia kuingia barabara ya Gamba, Witu, Hindi na Mokowe. Kipande hiki cha mwisho, kama kilomita 110, kilikuwa cha vumbi na tope hadi kilipotiwa lami miaka ya karibuni, katika maandalizi ya bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Lami imepunguza sana saa za njiani. Haikuondoa mambo mawili. La kwanza ni Mto Tana: ukifurika, maji huvuka barabara upande wa Gamba na Lango la Simba, kama ilivyokuwa katika mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. La pili ni usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kumekuwa na vipindi ambavyo mabasi huzuiwa kutembea usiku, na hukusanywa yasafiri kwa msafara wenye ulinzi wa polisi kati ya Minjila na Mokowe. Shambulizi la basi pale Nyongoro, Januari 2020, linaonyesha kwamba tahadhari hiyo haikuwa ya bure.

Msafara huu ndio ufunguo wa kisa chetu. Mabasi yanayoachana kwa saa nzima Mombasa hukutanishwa Minjila, yakafika Mokowe yakifuatana kama shanga. Boti ambazo zingepokea watu hamsini, kisha hamsini, kisha hamsini, zinapokea umati mzima ndani ya dakika kumi na tano.

Siku yenyewe

Basi la kwanza linaondoka Mombasa saa moja asubuhi likiwa na abiria 46, la pili saa moja unusu na abiria 41, la tatu saa mbili na abiria 44. Siku ya kawaida msafara ungeingia Mokowe saa nane au saa tisa alasiri.

Basi la tatu linakatika fenibelti karibu na Gongoni. Ukanda huo ukikatika, feni na pampu ya maji husimama, rejeta inachemka, na dereva akilazimisha mwendo ataunguza gasketi ya kichwa cha injini. Anaegesha, kama ipasavyo. Ila ukanda wa akiba hakubeba, kwa hiyo lazima utoke Malindi kwa bodaboda. Kazi ya kuufunga ni ya dakika arobaini kwa fundi mwenye spana zake. Kuusubiri ni saa nzima na zaidi. Basi la kwanza limeshafika Minjila saa sita, la pili saa sita unusu, la tatu linaingia saa nane na nusu. Msafara unaanza kutembea saa tisa.

Kilomita 110 kwa saa tatu na robo si mwendo wa kujivunia, ila ndani yake mna ukaguzi wa vitambulisho ambapo abiria hushuka na kupanga mstari, na mna vituo vya kushusha watu Witu, njia panda ya Mpeketoni na Hindi. Sheria yenyewe haimruhusu dereva wa gari la abiria kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo muda uliopotea Gongoni haukombolewi kwa mguu wa dereva. Abiria 39 wanashukia njiani. Waliobaki ni 92, na 14 kati yao ni wa Mokowe. Wanaohitaji boti ni 78.

Mabasi yanasimama gatini saa kumi na mbili na robo jioni.

Maji hayangoji msafara

Ili kuelewa kwa nini saa hiyo ni mbaya, itabidi tukae kidogo kwenye jambo ambalo kila nahodha wa Lamu analijua na wapanga ratiba wa mabasi hawaliangalii kabisa.

Bahari ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini hufika karibu mita 3. Wakati wa maji mafu, juma moja baadaye, tofauti hiyo hupungua sana. Hayo yanajulikana. Linalosahauliwa ni kwamba bamvua ina saa zake zisizobadilika: katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja, alasiri na alfajiri, na hukauka mnamo saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Iwe Januari au Agosti, bamvua haiji na ratiba nyingine.

Basi la saa nane au saa tisa alasiri, siku ya bamvua, linakuta maji yanapanda. Ni saa nzuri kuliko zote. Boti inasimama juu, abiria anaweka mguu karibu usawa wa gati, mzigo unapokewa mkono kwa mkono. Mtu aliyepanga mabasi kuondoka Mombasa asubuhi mapema huenda hakufikiria maji hata kidogo, lakini maji yalimkubalia. Ratiba ikiteleza kwa saa tatu au nne, ukubali huo unaisha.

Katika siku yetu maji yamejaa saa kumi na robo, yatakauka karibu saa nne na nusu usiku. Maji hayashuki kwa kasi moja. Kanuni ya mabaharia inagawa mshuko katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza hushuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3, hiyo ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75, kisha 75, kisha 50, kisha 25. Kwa hiyo saa kumi na mbili na robo, mabasi yanaposimama, maji yameshuka sentimita 75 tu. Mtu akiangalia baharini haoni tatizo. Saa moja na robo usiku yameshuka mita moja na nusu. Saa mbili na robo, mita mbili na robo. Mabasi yamefika mwanzoni mwa saa mbili ambazo bahari inakimbia kuliko zote.

Gati la zege halishuki pamoja na maji. Kinachobaki ni ngazi, na vidato vya chini, ambavyo hufunikwa na maji nusu ya kila siku, huota mwani mwembamba wenye utelezi kama sabuni. Mtu mzima mwenye mikono mitupu anashuka akishika ukuta. Mama mwenye mtoto mgongoni na begi mkononi hana mkono wa kushikia. Mgonjwa wa machela anahitaji wabebaji wanne, na kwenye ngazi nyembamba wanne hawaenei, kwa hiyo wanabaki wawili. Mkondo wa kuondoka nao unasogea mbali na kingo za mikoko, nahodha analazimika kupunguza mashine ili asiguse tope, na nusu saa ya kuvuka inakuwa dakika arobaini.

Ongeza giza. Lamu iko karibu na ikweta, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima. Mwanga wa jioni hauchukui nusu saa.

Hesabu ya boti

Alasiri ya kawaida boti za abiria hujipanga gatini zikingoja mabasi. Saa kumi na mbili na robo zimebaki tatu. Nyingine ziliondoka saa kumi na moja baada ya manahodha kukata tamaa, maana hakuna aliyewaambia kama msafara umetoka Minjila au umelala huko. Hawawezi kulaumiwa. Boti inayongoja bure inakosa safari nyingine, na nahodha wake bado ana petroli ya kununua.

Tuchukue kila boti inabeba abiria 15. Boti tatu ni abiria 45. Zinajaa kwa dakika ishirini na kuondoka saa kumi na mbili na dakika 35. Zinafika mjini saa moja na dakika tano, zinashusha kwa dakika kumi, zinarudi Mokowe saa moja na dakika 45. Walioachwa, watu 33, wamekaa gatini saa moja na dakika kumi. Maji sasa yameshuka karibu mita moja na sentimita 90. Kupakia kwa tochi za simu kwenye ngazi hizo kunachukua dakika ishirini na tano. Boti zinang'oa nanga saa mbili na dakika kumi, zinafika mjini saa mbili na dakika hamsini.

Ni akina nani hao 33? Milango ya mabasi ikifunguliwa, vijana wasio na mzigo wanateremka mbio na kujaza boti za kwanza. Wanaobaki ni wale wanaongoja makanga awatolee mizigo kwenye buti na juu ya basi, wenye watoto, wazee, na huyo mgonjwa wa machela. Yaani walio dhaifu kuliko wote wanavuka katika saa mbaya kuliko zote, na ndio wenye mizigo mingi kuliko wote. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Foleni isiyo na msimamizi hupanga hivyo kila siku.

Hapo kishawishi cha kuzidisha kinaingia. Abiria 33 kwa boti tatu ni 11 kila moja, na mtu atasema nafasi ipo. Lakini mzigo unapimwa kwa kilo, haupimwi kwa viti. Abiria 15 kwa kilo 75 ni kilo 1,125. Abiria 11 ni kilo 825, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni kilo 300. Magunia matatu ya kilo 90 na begi mbili tatu, boti imejaa. Mifuko kumi ya simenti, kilo 500, tayari imepita. Nahodha anayekubali kubeba vyote "safari iwe moja" anaona ukingo wa boti ukikaribia maji, na usiku haoni wimbi la boti nyingine likija ubavuni. Upepo wa kusi ukiwa umechachamaa, kiganja kimoja cha ukingo hakitoshi.

Mashine nayo ina yake. Kwenye maji machache feni ya boti huchota tope, na tundu la kunyonyea maji ya kupoza hubanwa na mchanga, majani au mfuko wa plastiki. Dalili ni ule uzi wa maji unaoruka nyuma ya mashine: ukikatika, zima mara moja, inua mashine, safisha tundu. Mchana nahodha anauona. Usiku anagundua kwa harufu ya kuungua, na hapo raba ya pampu imekwisha kukatika. Mashine za mchanganyiko hudai lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, na anayechanganya gizani kwa kukisia huishia na plagi zilizolowa oili katikati ya mkondo. Tochi ya kichwani, plagi mbili za akiba na pini ya feni vinaingia kwenye kopo moja la kilo ya kahawa. Boti isiyo na kopo hilo isikubali safari ya usiku.

Mshono wa basi na boti ni wa nani?

Barabara ina mwenyewe: Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Basi lina wake, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ambayo ndiyo hutoa leseni. Msafara ni wa polisi. Usalama wa chombo baharini, cheti chake na majaketi ya kuokolea viko chini ya Mamlaka ya Shughuli za Baharini, KMA. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani pamoja na vivuko na bandari ndogo, ila udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa.

Kila kipande kimekabidhiwa mtu. Hakuna aliyekabidhiwa taarifa kwamba abiria 78 wanakuja na boti zinazongoja ni tatu. Kwa mtazamo wetu kaunti ndiyo yenye nafasi ya kuichukua kazi hiyo, kwa sababu peke yake ina mkono mmoja kwenye stendi na mwingine kwenye gati. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtu mmoja wa zamu mwenye simu, na daftari.

Mara nyingi husikika rai ya kuleta feri kubwa, au hata kujenga daraja. Feri kubwa ya magari haina pa kushushia magari katika mji usio na barabara za magari. Feri kubwa ya watu nayo ingeondoka ikijaa au kwa ratiba. Ikiwa kwa ratiba, bila taarifa ya msafara ingeondoka saa kumi na moja ileile boti zilipoondoka. Chombo kingekuwa kikubwa zaidi na umati ulioachwa ungekuwa mkubwa zaidi.

Ujumbe wa Minjila

Msafara ulitoka Minjila saa tisa. Kutoka hapo hadi Mokowe kulikuwa na saa tatu na robo, na muda wote huo gati halikujua kitu. Dawa inaanzia hapo. Kabla mabasi hayajatoka, kila kondakta anahesabu watu wake kwa kituo wanachoshukia, mmoja wao anajumlisha, na ujumbe mfupi mmoja unatumwa kwa msimamizi wa gati:

"Tumetoka Minjila 9:00. Mabasi 3. Wa boti 78. Watoto 9. Machela 1. Mizigo mizito: magunia 12, friji 1. Tutafika 12:15."

Msimamizi anagawa: 78 kwa 15 ni boti sita. Tano zingebeba 75 na kuacha watu watatu gatini, na watu watatu walioachwa usiku ni tatizo lilelile kwa udogo. Anazuia boti sita zilizopo kabla hazijaondoka saa kumi na moja. Kuzuia huko kuna gharama, na hapa ndipo mipango mingi ya aina hii hufa: nahodha aliyeambiwa angoje saa moja na robo lazima ahakikishiwe abiria. Njia rahisi ni zamu. Boti sita za zamu ya jioni zinajulikana tangu asubuhi, hazigombaniwi na nyingine, na juma lijalo zamu inahamia kwa wengine. Ujumbe wa pili unatumwa Hindi, kama dakika kumi na tano kabla ya kufika, kuthibitisha. Mtandao wa simu ukiwa mbovu kati ya Gamba na Witu si neno, kwani ujumbe wa kwanza ulishatoka.

Kwa boti sita, watu wote 78 wanaondoka kati ya saa kumi na mbili na dakika 35 na saa moja kasoro dakika kumi. Maji yako chini kwa chini ya mita moja na robo hata kwa boti ya mwisho, na anayevuka wa mwisho anafika mjini kabla ya saa moja na nusu. Basi lilichelewa saa tatu unusu na bado limechelewa saa tatu unusu. Kilichookolewa ni saa moja na nusu ya watu 33, ile saa yenye ngazi tupu.

Mizigo mizito haipandi boti za abiria. Inabaki bara chini ya turubai na mlinzi, inavuka alfajiri. Siku hiyohiyo ya bamvua maji yatajaa tena karibu saa kumi na moja kasoro alfajiri, kwa hiyo mahamali watapakia boti ikiwa juu badala ya kuteremsha friji kwenye vidato vya mwani. Mfanyabiashara atalalamika. Aonyeshwe jedwali la maji, ambalo Mamlaka ya Bandari huchapisha la Kilindini na saa zake kwa Lamu hazipishani sana, na libandikwe pale gatini penye macho ya watu.

Upakiaji wa Mombasa nao una la kuchangia. Mizigo ya Witu na Hindi ikiwekwa chini ya ile ya Lamu, kila kituo kinakuwa cha kupakua na kupakia upya. Ya Lamu iingie kwanza, ndani kabisa, na itiwe alama ya rangi moja. Ya mtoto, ya mgonjwa na ya mzee ibaki ndani ya basi. Hilo pekee linabadilisha nani anayefika ngazini kwanza, na msimamizi akisimama mlangoni akisema "Wenye watoto na mgonjwa watangulie, vijana wangu ngojeni," foleni inageuka bila ugomvi.

Gati

Kama kuna fedha za ujenzi, ziende kwenye gati la kuelea kabla ya jambo jingine. Jukwaa lake hupanda na kushuka na maji, boti daima iko usawa wake, na kinachobadilika ni mwinamo wa daraja linaloliunganisha na nchi kavu. Urefu wa daraja hilo ndio wa kuulizia. Kwa maji yanayoshuka mita 3, daraja la mita 12 linakuwa na mwinamo wa moja kwa nne wakati wa maji ya chini, mwinamo ambao machela haipiti salama na rukwama inamkimbia mwenyewe. La mita 24 linakuwa moja kwa nane. Ramani nyingi huchorwa maji yakiwa yamejaa, daraja likionekana bapa na zuri. Mwulize mchoraji akuchoree la saa nne usiku, siku ya bamvua.

Bila fedha hizo, chuma cha kushikia pande zote mbili za ngazi, taa mbili za sola zinazomulika vidato badala ya kumulika anga, na mtu wa kukwangua mwani kila bamvua maji yakiwa chini, saa nne asubuhi. Brashi ya waya na chokaa vinatosha.

Alfajiri ya kesho yake

Safari ya kurudi ina kosa tofauti. Mabasi ya Mombasa yanaondoka Mokowe mapema, na abiria wa mjini lazima avuke gizani. Maji ya bamvua saa hiyo ni mazuri. Tatizo ni desturi ya boti kungoja ijae: abiria kumi na mmoja wameketi, nahodha anataka wanne zaidi, na saa inakwenda. Boti ya alfajiri ingeondoka dakika 75 kabla ya basi iwe imejaa au haijajaa, na boti ya pili iifuate kwa waliochelewa. Nauli ya viti vitupu igawanywe na mabasi, maana ni abiria wao.

Halafu kuna dereva. Sheria ya Trafiki haimruhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla ndani ya saa ishirini na nne zozote. Dereva wa basi la kwanza alishika usukani saa moja asubuhi, akaendesha kama saa tano hadi Minjila, akangoja saa tatu, akaendesha tena saa tatu na robo. Saa zake nane zimekwisha. Akiambiwa aondoke Mokowe saa kumi na mbili unusu asubuhi, siku yake ya saa ishirini na nne bado haijafungwa. Itafungwa saa moja. Basi hilo linahitaji dereva wa pili, na dereva huyo ajulikane tangu ujumbe ule wa Minjila, siku moja kabla, akiwa amelala Mokowe. Akiwa amelala mjini, ataivuka bahari kwa boti ileile inayongoja ijae.